Moyo unaokimbia ukisimama: mazoezi ya POTS huanzia mkekani

Mtu mwenye POTS, ugonjwa wa moyo kwenda mbio mtu anaposimama, akiambiwa afanye mazoezi, kwa kawaida hushauriwa atembee asubuhi. Anajitahidi, anafika mita mia mbili, moyo unamwenda mbio, macho yanaingia giza, anakaa kando ya barabara. Kesho yake hainuki kitandani, na anaamua kwamba mazoezi hayamfai. Mazoezi yanamfaa sana. Kilichokosewa ni mahali pa kuanzia. Kwa ugonjwa huu unaanza umelala chali, unaendelea umekaa, na kusimama kunakuja mwezi wa nne au wa tano.

POTS ni hali ambayo mapigo ya moyo hupanda mno mtu anaposimama, ingawa presha yake haishuki sana. Wengi wanaoipata ni wasichana na wanawake vijana, na mara nyingi huanza baada ya homa kali ya virusi, upasuaji, ujauzito au kulazwa kwa muda mrefu. Wengi huambiwa wana wasiwasi tu au wanadeka. Hawadeki. Ukisimama, nusu lita ya damu na zaidi huteremka tumboni na miguuni. Mwili mzima wa afya hubana mishipa na kuirudisha juu bila mwenyewe kujua. Kwa mwenye POTS damu nyingi hubaki chini, moyo unapata kidogo cha kusukuma kwa kila pigo, basi unafidia kwa kupiga mara nyingi zaidi.

Huko Dallas, Marekani, kundi la watafiti Qi Fu na Benjamin Levine lilichapisha mwaka 2010 matokeo yanayoeleza kwa nini mazoezi ni dawa hapa. Walikuta wagonjwa wa POTS wana moyo mdogo na damu pungufu wakilinganishwa na watu wazima wa afya. Baada ya miezi 3 ya mazoezi yaliyopangwa, misuli ya chumba kikuu cha moyo iliongezeka kwa takriban asilimia 12 na damu kwa takriban asilimia 7. Kati ya wagonjwa 19 waliomaliza, 10 hawakuwa tena na vigezo vya POTS. Mji huohuo, mwaka 1966, vijana 5 wenye afya walilazwa kitandani wiki 3 kwa ajili ya utafiti, na uwezo wa miili yao kutumia oksijeni ukashuka kwa zaidi ya robo. Ndiyo maana kumwambia mwenye POTS "pumzika mpaka upone" kunamzamisha zaidi: kulala kunapunguza damu na kusinyaza moyo, naye anazidi kushindwa kusimama.

Kabla ya yote, hakikisha ni POTS

Moyo kwenda mbio una sababu nyingi, na kwetu nyingine ni za kawaida kuliko POTS: upungufu wa damu kutokana na malaria, minyoo, hedhi nzito au selimundu, ujauzito, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, kifua kikuu, kuharisha. Pima damu, tezi, mkojo na ECG (kipimo cha umeme wa moyo) kwanza. Kama uliwahi kuzimia katikati ya mazoezi (siyo baada ya kumaliza), kama kifua kinauma ukijitahidi, kama moyo huanza kukimbia ghafla umelala na kuacha ghafla, au kama kuna ndugu aliyefariki ghafla akiwa kijana, usianze chochote kilichoandikwa hapa mpaka daktari wa moyo akuone.

Kipimo cha kusimama unaweza kukifanya nyumbani na kumpelekea daktari majibu. Fanya asubuhi, kabla ya chai, ukiwa na mtu karibu. Lala chali dakika 10 bila kuongea wala kushika simu, kisha hesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono kwa sekunde 60 na pima presha. Simama, egemeza mabega ukutani, visigino vikae kama sentimita 15 kutoka ukutani, na usitikise miguu. Andika mapigo na presha kila dakika mpaka dakika ya 10. Kwa mtu mzima, mapigo yakipanda kwa 30 au zaidi na kubaki juu, huku presha ya juu haijashuka kwa 20, hiyo ndiyo sura ya POTS. Kwa wenye miaka 12 hadi 19 kiwango ni 40. Dalili nazo ziwe zimedumu miezi 3 au zaidi. Ukiona giza kabla ya dakika 10, lala chini na andika dakika uliyoishia. Hilo nalo ni jibu.

Makosa ya kipimo hiki ni madogo lakini yanaharibu kila kitu: kupima baada ya kahawa, kupima mchana wa joto, au kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Misuli ya vigimbi ikifanya kazi inasukuma damu juu na mapigo yanaonekana mazuri kuliko yalivyo.

Maji, chumvi na mkaja

Mazoezi bila maji ya kutosha hayajengi damu. Lengo la kawaida ni lita 2 hadi 3 kwa siku. Kunywa nusu lita ya maji kwa mkupuo dakika 15 hivi kabla ya mazoezi.

Chumvi inahitaji uangalifu. Watu wote kwa jumla wanashauriwa wasizidi gramu 5 kwa siku, lakini wenye POTS mara nyingi huelekezwa kufikia gramu 10, ikihesabiwa pamoja na iliyomo kwenye chakula. Hizo ni kama vijiko 2 vya chai vilivyosawazishwa. Hili ni la kukubaliana na daktari wako, na halimhusu kabisa mwenye presha ya kupanda, ugonjwa wa figo, moyo ulioshindwa kazi, au mjamzito asiyesimamiwa. Njia rahisi ya kuanzia ni pakiti moja ya ORS (unga wa chumvi na sukari wanaopewa wanaoharisha) kwenye lita moja ya maji, uinywe kidogo kidogo asubuhi. Madafu ni mazuri, ila yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, kwa hiyo hayachukui nafasi ya ORS.

Kubana tumbo husaidia kuliko kubana vigimbi peke yake, kwa sababu damu nyingi hukusanyika tumboni. Soksi ndefu za kubana zinazofika kiunoni ni ghali na zinachosha kwenye joto la pwani. Mkaja wa kanga uliofungwa imara kutoka chini ya mbavu hadi juu ya nyonga unafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Ufunge ukiwa bado umelala, kabla damu haijashuka, na uulegeze unapolala tena. Uwe umebana kiasi kwamba unahisi umeshikwa, lakini unaweza kuvuta pumzi hadi chini.

Kitanda nacho kiinuliwe upande wa kichwa kwa sentimita 10 hadi 15, kwa kuweka vipande vya mbao chini ya miguu yake miwili. Mito mirefu haitoshi, inakunja shingo tu.

Mwezi wa kwanza: chini, chini kabisa

Unahitaji mkeka, ukuta, na kama unaweza, pedali ndogo za kuweka sakafuni. Jimu yenye baiskeli ya kulalia au mashine ya kupiga makasia ni bora zaidi, kwa kuwa miguu hukaa karibu sawa na moyo. Kuogelea ni kuzuri kupita vyote, maji yenyewe huukandamiza mwili na kurudisha damu juu. Lakini usiingie baharini wala bwawani peke yako, na toka polepole: mgandamizo wa maji ukiondoka ghafla damu huporomoka, na wengi huanguka pale pale kwenye ngazi.

Kwa pedali za sakafuni, lala chali na uziegemeze kwenye ukuta zisiteleze, au kaa kwenye kiti kifupi mgongo ukiwa umeegemea. Sogeza pedali mbali mpaka goti libaki limekunjwa kidogo tu mguu unapofika mwisho. Zikiwa karibu mno, magoti yatauma kabla moyo haujapata kazi.

Fanya siku 3 kwa wiki, zisifuatane. Wiki mbili za kwanza: dakika 5 za kupasha mwili kwa mwendo mwepesi sana, dakika 10 za kazi, dakika 5 za kushusha mwendo. Kama dakika 10 mfululizo hazipitiki, piga dakika 2, pumzika 1, rudia. Aliyekuwa kitandani miezi mingi anaweza kuanza na dakika 3 za jumla, na hizo ni mazoezi halali. Kila baada ya wiki 2 ongeza dakika 5 kwenye ile sehemu ya kazi mpaka ufike 30. Ongeza muda kwanza. Ukali wa mazoezi uache mahali ulipo.

Je, kazi iwe ngumu kiasi gani? Programu ya Dallas ilitumia asilimia 75 hadi 85 ya mapigo ya juu kabisa. Kwa makadirio, toa umri wako kutoka 220. Mwenye miaka 25 anapata 195, na asilimia 75 yake ni 146. Tatizo ni kwamba mapigo ya mwenye POTS yanarukaruka kwa joto, kwa hofu, kwa kukaa vibaya tu, na ukitumia propranolol au dawa nyingine ya kupunguza mapigo hesabu hiyo haifai tena. Kwa hiyo sikiliza pumzi. Kwenye kipimo cha Borg, ambacho mtu hujipa namba kuanzia 6 hadi 20 kwa jinsi anavyouhisi ugumu wa kazi, kaa kwenye 13 au 14: unahema, jasho linaanza, bado unaweza kusema sentensi moja nzima, lakini kuimba huwezi. Ukiweza kuimba, ongeza. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza.

Siku nyingine mbili za wiki ni za nguvu, dakika 15 hadi 20. Misuli ya mapaja, makalio na vigimbi ndiyo pampu inayorudisha damu, kwa hiyo mikono ipe muda mdogo tu.

Kuinua nyonga ndilo zoezi la kwanza, na linastahili kufanywa vizuri. Lala chali, kunja magoti, nyayo zikanyage mkeka kwa upana wa nyonga. Kandamiza visigino, toa pumzi, inua makalio mpaka mwili uwe mstari mmoja kutoka mabegani hadi magotini. Kaa hapo sekunde 3 ukiendelea kupumua, shuka kwa sekunde 3. Mara 10, pumzika dakika moja, mara 10 tena. Ukihisi nyuma ya paja inakakamaa badala ya makalio, vuta visigino karibu zaidi. Wengi huzuia pumzi wanapoinua, na hapo kifua hujaa shinikizo, damu hushindwa kurudi moyoni, na kizunguzungu huja ingawa wamelala. Hesabu kwa sauti: anayehesabu hawezi kuzuia pumzi.

Baada ya hapo lala ubavu na uinue mguu wa juu mara 10 kila upande. Chali tena, bana mto katikati ya magoti kwa sekunde 5, mara 10. Mwisho kaa kwenye kiti, weka mfuko wa unga wa kilo 2 juu ya kila goti, na uinue visigino mara 20. Mpira wa mazoezi wa kuvutika, ule wa utepe, ukipatikana, uzungushe kwenye nyayo na uvute viwiko nyuma ukiwa umekaa sakafuni.

Kuinuka kutoka mkekani

Ajali nyingi hutokea hapa, dakika ya kwanza baada ya mazoezi, mishipa ikiwa imepanuka na pampu ya miguu imezimwa. Usiruke zile dakika 5 za kushusha mwendo. Ukimaliza, baki chini na ukunje na kukunjua nyayo mara 20. Geukia ubavu, jisukume kwa mkono, kaa dakika 2, kunywa maji. Piga goti moja, shika ukuta, simama, na ukishasimama kaza makalio na mapaja au pishanisha miguu na kuibana. Giza likianza kuingia machoni, chuchumaa au lala mara moja. Usijaribu kufika kwenye kiti.

Usioge maji ya moto baada ya mazoezi. Subiri jasho likauke, tumia maji ya uvuguvugu au baridi, na kama unaoga kwa ndoo, kaa kwenye kigoda. Mlo mzito wa ugali nao uje baadaye, kwani tumbo lililojaa huita damu kwake.

Wiki zinazovunja moyo

Wiki ya pili hadi ya nne ndizo ngumu kuliko zote. Uchovu unaongezeka, moyo bado unakimbia, na hakuna dalili ya faida. Ni muhimu kulijua hili mapema, maana wengi huacha hapa. Katika matokeo ya 2016 ya wagonjwa waliofanya programu hii nje ya maabara, kila mmoja akiwa na daktari wake, 251 walianza na 103 wakamaliza. Waliomaliza, asilimia 71 hawakuwa tena na vigezo vya POTS.

Usipime mafanikio kwa mapigo ya kila siku, yatakuchanganya. Andika kitu kimoja kwa wiki: dakika ulizoweza kusimama jikoni kabla ya kutafuta kiti. Rudia kipimo cha ukutani kila baada ya wiki 4, saa ileile.

Kosa jingine ni siku nzuri. Mtu anaamka mwepesi, anafua nguo za wiki nzima kwa kuinama, anafagia uwanja kwa ufagio mfupi, anamalizia na mazoezi mara mbili ya kawaida, kisha analala siku nne. Kufua, kuchota maji na kusimama foleni ni mazoezi ya wima. Siku yenye kazi hizo, punguza kipindi chako kwa nusu au kihamishe kesho. Fua umekaa. Menya na kata umekaa. Choo cha kuchuchumaa kiwe na kitu cha kushika, na ukiinuka simama kwa hatua mbili.

Kuna kundi ambalo mpango huu unaweza kuliumiza. Baadhi ya watu, hasa baada ya UVIKO-19 au wenye ugonjwa wa uchovu sugu, hawachoki wakati wa mazoezi bali saa 12 hadi 48 baadaye: mwili unauma kama wa mafua, akili inakuwa nzito, na usingizi hauondoi kitu kwa siku kadhaa. Hiyo siyo ile hali ya kawaida ya wiki za mwanzo. Ikikutokea, usijikaze. Acha kuongeza muda, rudi kwenye kiwango kisicholeta anguko hilo hata kama ni dakika 2 za kunyoosha miguu, na zungumza na daktari kuhusu kugawa nguvu zako za siku kabla ya kufikiria mazoezi.

Kuelekea kusimama

Mwezi wa pili na wa tatu unabaki chini, ila siku moja kwa wiki unapanda hadi 15 au 16 kwenye Borg kwa vipande vya dakika 3, ukipishanisha na dakika 3 nyepesi. Mwezi wa nne, kama dakika 30 za kukaa au kulala zinapita bila shida, badilisha siku moja kuwa baiskeli ya kawaida isiyotembea. Wiki ya kwanza ya mabadiliko hayo, rudisha muda hadi dakika 15. Usibadilishe siku zote tatu kwa pamoja.

Mwezi wa tano ndipo kutembea kunapoingia, kwenye njia tambarare, kabla ya saa moja asubuhi au baada ya jua kuzama. Joto la Dar es Salaam au Mombasa mchana hupanua mishipa ya ngozi na kumaliza faida ya wiki nzima. Tembea njia yenye mahali pa kukaa, na usisimame ghafla kusalimiana: endelea kupiga hatua palepale au kaza vigimbi unapoongea.

Katika mfungo, weka mazoezi saa moja au mbili baada ya kufuturu, maji yakiwa yameshaingia, na yawe ya kulala tu hata kama tayari unatembea. Asiyeweza kusimama kwenye sala aswali amekaa. Ruhusa hiyo ipo kwa mgonjwa.

Faida hizi hupotea haraka kuliko zilivyopatikana. Ukipata malaria au mafua na kulala wiki moja, usirudi ulipoishia. Subiri homa iishe siku 2 kamili, rudi mkekani hata kama ulikuwa umefika barabarani, fanya nusu ya dakika ulizozizoea kwa wiki moja, kisha panda ngazi moja kila baada ya vipindi 3 vilivyopita vizuri. Siku ambazo bado uko kitandani, kunja na kukunjua nyayo mara 20 kila saa uliyo macho, na kaa wima kula kila mlo.